Siku ya Harusi Itajwe Mwisho

Nyakati za misafara, njia itokayo Bagamoyo ilipofika Tabora na kuendelea magharibi hadi Ujiji, mpagazi wa Kinyamwezi hakujitwika mzigo kabla ya kujua kirangozi ni nani, posho ni kiasi gani, na mvua zimebakiza muda gani. Na watu hao, walioyajua mapori ya Uvinza na vivuko vya Malagarasi kwa nyayo zao, aghalabu walipanga kwenda kwao pwani na kurudi kwao nyumbani kwa kufuata kilimo, ili jembe lisikose mkono wakati wa kupanda. Usinge, ulio leo kituo cha reli baina ya Kaliua na Nguruka, umo katika nchi hiyo hiyo ya msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na mtu anayeazimia kuoa au kuoza hapo yafaa awe na hadhari ya mababu hao. Kinachoharibu harusi nyingi za vijijini kwetu si uhaba wa mali wala ukosefu wa mapenzi, bali ni siku iliyotajwa mapema mno: kijana na mchumba wake huchagua tarehe kwa sababu inapendeza ikiandikwa kwenye kadi, au kwa sababu mmoja wao alizaliwa siku hiyo, kisha wazazi, wapishi, mashehe na mapadri, treni na hata mbingu hutakiwa ziifuate. Shauri langu kwako, ndugu msomaji, ni kinyume cha hayo. Hesabu kwanza mambo usiyoweza kuyasogeza, upatane na watu ambao ridhaa yao haipatikani kwa haraka, ndipo siku itajwe. Nayo itajwe mwisho.

Jambo la kwanza lisilosogezwa ni majira. Katika mkoa wa Tabora mvua huanza yapata Novemba na kukoma yapata Aprili, na katika miezi hiyo njia za udongo ziendazo vijijini hugeuka matope, mabonde ya upande wa Malagarasi hujaa maji, na kila mwenye nguvu yuko shambani. Mzazi anayelima tumbaku ya mvuke huwa kitaluni tangu kabla ya mvua, huhamishia miche shambani mvua zikishika, huchuma na kukausha katika mabani kuanzia mwanzo wa mwaka, kisha hukaa akichambua majani kwa madaraja yake hadi masoko ya vyama vya msingi yafunguliwe. Mtu wa namna hiyo ukimwalika harusini mwezi wa Februari, umemtaka auache moto wa bani ukiwaka pasi na mwangalizi, na mazao ya mwaka mzima yumkini yakaharibika kwa usiku mmoja. Asipokuja, usimwone kuwa mchoyo wa furaha yako.

Amma fedha, hiyo nayo ina majira yake. Masoko ya tumbaku hufanyika baada ya mvua kwisha, lakini mzigo uliopimwa na kuandikwa daftarini si fedha iliyokwisha kupokewa, kwani malipo huweza kukawia wiki nyingi baada ya mauzo, na madeni ya pembejeo hukatwa kwanza. Wengi wameagiza ng'ombe na maturubai kwa kutegemea malipo ambayo hayajaingia, wakaishia kukopa kwa riba kubwa, na mume na mke wakaianza nyumba yao wakidaiwa. Usiihesabu fedha ya tumbaku katika bajeti ya harusi hadi iwe imeingia katika akaunti ya mzee. Ikiwa mkulima ndiye nguzo ya harusi yako, afadhali uahirishe kwa miezi miwili, au uifanye sherehe kwa akiba ya mwaka uliopita, kuliko kuiweka heshima ya familia mikononi mwa mnunuzi asiyejua kama mna harusi.

Chakula nacho hufuata mkondo huo. Mpunga wa mabondeni huvunwa kati ya Mei na Julai, mahindi huwa yamekauka, kuku na mbuzi wamenona, na bei ya mchele sokoni huwa imeshuka. Mwenye busara hununua wakati huo na kuhifadhi, hata kama sherehe ni ya baadaye. Kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza visima vingi hupungua maji, na harusi ni kazi ya maji mengi kuliko watu wanavyodhani. Ukiyapima yote hayo pamoja, utaona kwamba kwa mwenyeji wa Usinge majira yaliyo bora ni kuanzia nusu ya pili ya Juni hadi mwisho wa Agosti: njia ni kavu, ghala lina kitu, visima bado vina maji, baridi ya usiku inawaruhusu watu kucheza ngoma bila kuchoka, na walimu na wanafunzi hupata likizo yao katikati ya mwaka. Nje ya majira hayo harusi inawezekana, lakini kila kitu kitakugharimu zaidi, nawe ujue hivyo mapema.

Juu ya majira ya mbingu yapo majira ya ibada. Mwaka wa Kiislamu ni pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kila mwaka, na aliyeoza mwanawe mwezi fulani miaka mitano iliyopita asidhani kwamba mwezi huo bado u wazi. Waislamu hawafanyi karamu za arusi katika mfungo, na kwa sababu hiyo Shaaban husongamana harusi kabla yake, na Mfunguo Mosi husongamana baada yake. Wapishi ni wale wale, wapiga ngoma ni wale wale, na asiyewaagiza mapema hupata walioachwa na wengine. Kwa Wakristo, Kwaresima na Majilio ni nyakati za toba na matayarisho, na makanisa mengi hayapendi, au hayaruhusu, shangwe za harusi katika siku hizo. Wakatoliki wanapaswa kuhudhuria mafundisho ya ndoa na kutangazwa kanisani, na padri atataka cheti cha ubatizo kutoka parokia ulikobatizwa. Kama ulibatizwa Mpanda au Kigoma nawe sasa unakaa Usinge, barua hiyo huchukua muda, basi iombe kabla hata ya kununua pete. Wamoravian, ambao wapo Unyamwezi tangu mwisho wa karne ya 19, nao wana taratibu zao za kufundisha na kutangaza. Ikiwa mmoja ni Mwislamu na mwingine ni Mkristo, au Mkatoliki anamwoa asiye Mkatoliki, usitarajie jambo liishe kwa ziara moja: kuna vibali vya kuombwa, kuna wazee wa kutulizwa, na kuna swali la malezi ya watoto ambalo ni heri liulizwe sebuleni kabla ya harusi kuliko chumbani baada yake.

Halafu ipo treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo jamaa wa watu wa Usinge wametawanyika kwa kuifuata: wengine Dar es Salaam na Morogoro, wengine Kigoma na Ujiji, wengine Mpanda kwa njia inayochepuka pale Kaliua. Kwa wageni wengi treni ndiyo njia nafuu, lakini treni ya abiria haipiti kila siku, na kuchelewa kwake si jambo geni. Kabla hujaafiki Jumamosi yoyote, uliza stesheni siku za kupita treni kwa kwenda na kwa kurudi, kisha uwatake wageni wa mbali wafike angalau siku mbili kabla. Na wazee waliotoka mbali usiwaache wakalala palipopatikana, bali mpe mtu mmoja kazi ya malazi, awe na orodha ya nyumba, vitanda, vyandarua na chai ya asubuhi. Mgeni aliyeshukia kituoni usiku wa manane akakosa wa kumpokea ataikumbuka saa hiyo kuliko pilau yako yote.

Hayo ndiyo yasiyosogezwa. Sasa tuyaendee yale yanayohitaji subira, na la kwanza ni posa.

Usinge si mji wa kabila moja. Wamo Wanyamwezi, Wasukuma waliokuja na mifugo, Waha na Wavinza wa upande wa Kigoma, Wamanyema ambao nasaba zao zilivuka ziwa, na watu wenye asili ya Burundi. Na kila jamaa ina desturi yake katika kuposa, hata pale dini inapokuwa moja. Zama za misafara majembe ya chuma yaliyofuliwa Usumbwa yalikuwa mali ya kulipia mahari katika Unyamwezi, na baadaye ng'ombe na fedha vikachukua nafasi. Kutoka pwani zikaja desturi za kilemba cha baba na mkaja wa mama, ambazo ni za watu wale wale ambao Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alisimulia arusi zao kwa urefu katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa mwaka 1903. Kwa hiyo mshenga wako asiende na bahasha moja akidhani amemaliza. Mtafute mtu mzima mwenye ulimi wa upole, anayeijua desturi ya nyumba unayoiposa au aliye radhi kuiuliza kwa watani wao, naye aulize mambo yote katika kikao cha kwanza au cha pili: barua ya posa inataka nini pamoja nayo, kifungua mlango ni kiasi gani, mahari ni ya nani na italipwa kwa mkupuo au kwa mafungu, na nani wengine wana haki ya kupewa, yaani mjomba, shangazi, bibi. Kuulizana huku si utovu wa adabu. Kinachovunja adabu ni kuibuka na dai jipya siku moja kabla ya nikaha, wakati nyama imeshakatwa.

Katika Uislamu mahari ni haki ya binti mwenyewe, si ya baba yake wala ya ukoo. Katika mila nyingi za bara mali ya posa huenda kwa familia. Nyumba nyingi za Usinge hufuata yote mawili, na hakuna ubaya, mradi kila kimoja kitajwe kwa jina lake na kiandikwe. Mkishaafikiana, andikeni karatasi mbili, zisainiwe na wazee wa pande zote, kila upande ubaki na yake, ikitaja kilichokubaliwa, kilicholipwa na kilichobaki. Wazee wa zamani hawakuandika kwa sababu mashahidi wao walikaa kijiji kimoja hadi kufa. Mashahidi wetu leo, huyu yuko Dodoma na yule yuko Mwanza.

Aidha, katika kikao hicho hicho binti aulizwe, tena aulizwe faraghani na mwanamke anayemwamini, kama anaridhia. Kunyamaza kwake mbele ya wajomba kumi si jibu. Na umri wake ujulikane kwa cheti cha kuzaliwa, wala si kwa makisio ya urefu. Tabora hutajwa miongoni mwa mikoa yenye ndoa nyingi za utotoni, na hilo latuhuzunisha sote tunaoipenda nchi hii. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba vifungu vya sheria vilivyomruhusu binti wa miaka 15, na kwa idhini ya mahakama hata wa miaka 14, kuolewa vinapingana na Katiba. Ikiwa binti anayeposwa hajatimiza miaka 18, ukifunge kitabu hiki cha harusi, umwache asome. Hakuna kamati wala mchango unaoweza kulifanya jambo hilo kuwa jema.

La pili linalotaka subira ni serikali, ingawa watu wengi huliweka la mwisho. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayozihusu ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za bomani, yataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili au ofisa msajili si chini ya siku 21 kabla ya siku waliyoikusudia. Na taarifa hiyo hutaja majina yao, umri wao, mahali wanapokaa, hali ya kila mmoja, kama ni mseja, mjane au mtalaka, na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au ya wake zaidi. Muda huo umewekwa ili kusudio litangazwe, na mwenye pingamizi la haki apate nafasi ya kusema. Wale watakaofunga ndoa bomani waende mapema ofisi ya Mkuu wa Wilaya, iliyoko Kaliua, wakiwa na vyeti vyao. Na wale watakaofungishwa na shehe, padri au mchungaji wamuulize kwa taadhima kama ana leseni ya kufungisha ndoa, kwa kuwa kiongozi wa dini hufungisha ndoa kwa mujibu wa sheria akiwa na leseni hiyo. Mjane atayarishe cheti cha kifo cha mwenzi wake, mtalaka atayarishe hati ya talaka. Mwanamke Mwislamu aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na aliyeachwa huwa na eda yake pia. Siku hizo zihesabiwe vizuri na kwa staha kabla ya kunena habari ya nikaha. Tafuteni pia mashahidi, wasiopungua wawili, na msiwachague asubuhi ya harusi kutoka miongoni mwa waliowahi kufika.

Sasa, tuseme majira yamekupa Julai, dini imekubali, wazazi wameafikiana, taarifa ya serikali itatolewa Juni mwanzoni. Hapo ndipo siku itajwe, na kabla ya hapo kadi zisichapwe. Ukirudi nyuma kwa hesabu utaona kwamba posa ilipaswa kupelekwa Septemba au Oktoba ya mwaka uliotangulia, kabla watu hawajaingia mashambani; mazungumzo ya mahari yakamalizwa siku za Jumapili na Ijumaa katika mvua; na kamati ikaitwa Machi au Aprili. Miezi tisa au kumi yaonekana mingi kwa wapenzi wawili, nami nawaonea huruma. Lakini ni muda wa familia mbili kujuana, na mambo mengi ambayo yangezuka kuwa ugomvi baada ya ndoa huzuka kuwa maswali tu kabla yake.

Kamati ya harusi imekuwa desturi ya Tanzania nzima, nayo ni urithi mwema wa kusaidiana. Ila yahitaji kuongozwa. Watu saba wanatosha: mwenyekiti mwenye kusikilizwa, katibu mwenye mwandiko, mweka hazina, na wengine wanne wa chakula, malazi na usafiri, mapambo na muziki, na mambo ya ibada. Kamati ya watu thelathini hula soda nyingi na kuamua machache. Mweka hazina, kwa maoni yangu, awe mwanamke aliyezoea vikoba au upatu, kwa maana huyo amekwisha kuzoea kushika fedha za watu wengi na kuzitolea hesabu mbele yao kila wiki. Michango itumwe kwa namba moja ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mweka hazina, isiyotumiwa kwa jambo jingine, na kila mchango uandikwe daftarini siku ile ile ulipopokewa. Wala fedha isitolewe bila ya mwenyekiti na mweka hazina kuafikiana kwa maandishi.

Tenganisheni ahadi na taslimu. Katibu aandike bajeti mbili: moja ya mambo yatakayofanyika kwa fedha iliyomo mkononi, na nyingine ya mambo yatakayoongezwa ahadi zikitimizwa. Katika ile ya kwanza ziwemo gharama za ibada na sheria, chakula, maji, na usafiri wa wazee. Katika ile ya pili ziwemo mapambo, keki, picha za video, magari ya msafara na sare za wapambe. Kila kikao ahadi zilizotimia zihamishwe kutoka daftari moja hadi jingine, na wiki mbili kabla ya siku yenyewe pazia lifungwe: kilichoingia ndicho kitakachotumika. Wala msimdhalilishe mtu kwa mchango. Nimeona kadi za harusi zikigawiwa kama hati za madai, na mtu maskini akikwepa njia ya jirani yake kwa sababu hana kiwango kilichopangwa. Jambo hilo laiondoa baraka ambayo karamu ilikusudiwa kuileta. Mzee aletaye kuku mmoja au debe la mahindi aandikwe daftarini kama aliyeleta shilingi, na akaribishwe kiti kile kile.

Kuhusu chakula nitasema kwa vipimo, kwa kuwa hapa ndipo makisio huaibisha. Kilo moja ya mchele hutosha watu watano hadi sita, na kilo moja ya nyama vivyo hivyo ikiwa ya pilau au ya mchuzi; basi wageni 200 huhitaji yapata kilo 40 za mchele, na ng'ombe wa kienyeji wa wastani, anayetoa nyama pamoja na mifupa kiasi cha kilo 100 hivi, atatosha na kubakiza cha wapishi na cha wenye nyumba asubuhi yake. Kisha ongeza sehemu ya kumi kwa wasioalikwa, maana Usinge hakuna anayefukuzwa harusini, na hii ni sifa yetu ambayo sipendi tuipoteze kwa kuiga kumbi za mjini. Anayependa kuongeza samaki wa Malagarasi awaagize kwa wavuvi wiki nzima kabla, na asali ya misitu ya kwetu yafaa zaidi kuliko sukari katika chai ya wazee. Maji yahesabiwe lita tano au sita kwa kila mgeni, ya kupikia, kunawa na kuoshea vyombo, yajazwe katika mapipa usiku uliotangulia. Kuni zinunuliwe mapema zikauke, tena kwa wauzaji walio na kibali, kwa kuwa misitu mingi inayotuzunguka ni ya hifadhi, na moto wa harusi usiwe sababu ya mtu kukamatwa. Sufuria kubwa, sahani na viti vya kukodi kutoka Kaliua viandikwe kwa idadi vinapopokewa, mbele ya mtu wa pande zote mbili.

Katika muziki, msiitupe ngoma. Spika za kukodi zina nafasi yake, na vijana wazifurahie, na jenereta iwepo hata kama umeme upo. Lakini manyanga yakilia na manju akiimba majina ya koo mbili zilizokutana, bibi aliyekaa kimya tangu asubuhi atainuka. Mwiteni manju mwezi mmoja kabla, mmpe majina ya wazee waliotangulia wa pande zote, na mkubaliane ujira wake na posho ya kundi lake. Watani nao waachiwe nafasi yao: Wanyamwezi, kwa kusafiri kwao, walijenga utani na makabila mengi yaliyo njiani hadi pwani, na mtani anayemzuia bwana harusi mlangoni hadi apewe chochote hajaharibu ratiba. Mshereheshaji aliyekodiwa kutoka mjini aelezwe hilo mapema, asije akamnyamazisha.

Wiki ya mwisho bibi harusi apumzishwe. Awe na somo wake, alale usingizi, asiitwe kuamua rangi ya vitambaa. Bwana harusi naye asishike fedha yoyote siku hiyo wala simu ya wauzaji. Ateuliwe mtu mmoja wa kujibu kila swali, na jina lake litangazwe kwa wapishi, madereva na wapambaji. Ibada ianze saa iliyoandikwa, hata kama gari la mpambe halijafika.

Baada ya harusi zimebaki kazi mbili ambazo watu huzisahau kwa uchovu. Vyombo virudishwe kesho yake vikiwa vimehesabiwa, na kabla wiki haijaisha kamati ikutane, mweka hazina asome mapato na matumizi hadi shilingi ya mwisho, na kilichobaki, kama kipo, wakabidhiwe wenye ndoa mbele ya watu. Pasipo kikao hicho, watu hawatakuwa na imani na kamati ya harusi ijayo. Na mume na mke, kabla hawajaanza maisha ya mashamba na mabani, wahakikishe kwamba wameipokea shahada ya ndoa, majina na tarehe zikiwa sahihi. Waliooana kwa mila wanatakiwa na sheria waombe ndoa yao isajiliwe ndani ya siku 30 tangu siku ya ndoa, na wengi hawafanyi hivyo, mpaka mmoja afariki na mjane aanze kuulizwa ushahidi wa ndoa yake na watu waliokula pilau yake. Nendeni Kaliua ndani ya mwezi huo, nyote wawili, mkiwa na mashahidi wenu.